Wiki Moja Katika Redio ya Wananchi

Askari aliye lindoni usiku ana masahaba wawili: silaha yake na masikio yake. Macho huchoka na giza huyapumbaza, lakini sikio halifumbwi. Kwa sababu hiyo hapana anayeijua thamani ya redio kuliko mwanajeshi na polisi. Katika kambi, katika kituo cha polisi kilicho mbali na barabara kuu, katika hema lililotota kwa mvua, kile kisanduku chenye betri mbili ndicho kinachomletea habari za nyumbani, bei ya karanga, matokeo ya mpira na vifo vya jamaa. Lakini ni wangapi miongoni mwetu waliopata kujiuliza ni nani walio upande wa pili wa sauti ile?

Ili kulijibu swali hilo tulikwenda kukaa siku saba katika kituo kimoja kidogo cha redio ya jamii, upande wa Teso unaopakana na Karamoja. Jina la kituo hatutalitaja, wala majina ya watu wake, kwa kuwa baadhi ya mambo tutakayoyasimulia yanawahusu watu waliorudi kutoka msituni, na wengine ambao jamaa zao wangali wanawangojea. Tulikwenda tukidhani kwamba tutaandika habari za mitambo na muziki. Tumerudi tukiwa na habari za watu, na sehemu kubwa ya habari hizo inawahusu wavaao sare.

WENYE NYUMBA

Kituo chenyewe ni nyumba ya vyumba vitatu yenye paa la mabati, iliyojengwa ubavuni mwa jabali. Juu ya jabali umesimikwa mlingoti. Mawimbi ya FM, alitueleza fundi wa kituo, ni kama macho ya mlinzi: yakiwa juu huona mbali, na hukomea pale kilima kinapoziba. Umeme hutokana na mwanga wa jua unaohifadhiwa katika betri. Na mawingu yakitanda siku tatu mfululizo, huwashwa jenereta ambayo kila lita ya mafuta yake huandikwa katika daftari. Chumba cha kutangazia kimezungushiwa magodoro ya zamani na makasha ya mayai ili sauti zisivume. Juu ya mlango pameandikwa kwa rangi nyeupe amri moja: silaha na matope viachwe nje.

Wanaolipwa mshahara hapo ni wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Waliobaki wote ni watu wa kujitolea. Yuko mwalimu wa shule ya msingi anayetangaza jioni baada ya kusahihisha madaftari, mkunga, kijana wa bodaboda anayeleta habari za njia, na askari mstaafu mwenye kusoma taarifa ya habari kwa Kiswahili. Malipo yao ni chai, sabuni wakati wa sikukuu, na heshima ya kuitwa kwa jina na watu wasiowajua.

Haikuwa hivi siku zote. Hadi mwaka 1993 hewa ya nchi yetu ilikuwa na sauti moja tu, Redio Uganda. Mwaka huo milango ikafunguliwa, redio za biashara zikaanza mjini Kampala, na baada yake zikaja redio za mikoani, za makanisa, za wanawake na za jamii. Majirani zetu wa Kenya walikuwa wamekwisha kulijaribu jambo hili kabla: mwaka 1982, huko Homa Bay kando ya Ziwa Victoria, kwa msaada wa UNESCO, kilianzishwa kituo kidogo kilichotangaza kwa Kijaluo. Hakikudumu, mwaka 1984 kilifungwa. Lakini mbegu ilikuwa imekwisha kuanguka chini.

Tofauti ya redio hizi na nyingine ni nyepesi kueleza. Redio ya serikali husema na taifa zima. Redio ya biashara humsemesha yule mwenye fedha ya kununua sabuni inayotangazwa. Redio ya jamii humsemesha jirani, kwa lugha ya jirani, na jirani huyo anaweza kuja mlangoni kesho asubuhi kuwaambia kwamba wamekosea. Hofu hiyo ya kukutana na msikilizaji sokoni ndiyo inayoifanya iwe na adabu.

JUMATATU NA JUMANNE

Juma huanza kwa mkutano wa asubuhi chini ya mwembe. Kila mtu huleta aliyoyasikia kijijini kwake, na jambo lisilo na shahidi wa pili huwekwa kando. Jumatatu ni siku ya wakulima: mvua, mbegu, ugonjwa wa mhogo, dawa ya kupe. Jumanne ni siku ya afya, nayo huendeshwa na mkunga, ambaye huwaeleza wanaume waziwazi mambo ambayo wasingekubali kuyasikia wakiwa wamekaa mbele yake.

Baina ya vipindi hivyo huja matangazo madogo, na hapo ndipo uhai wa kituo ulipo. Ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja amepotea. Mazishi ya mzee fulani yatakuwa keshokutwa saa nane. Mtoto wa miaka sita ameonekana sokoni akilia. Mwenye tangazo hulipa kidogo. Asiye na kitu hutangaziwa bure. Tulimwona mzee mmoja akilipa kwa kuku, na karani akaandika katika daftari lake kwa mwandiko safi: kuku mmoja, jogoo.

SARE MBELE YA KIPAZA SAUTI

Jumatano jioni ni zamu ya polisi. Sajini mmoja alifika kwa pikipiki, akaacha bunduki kwa mwenzake nje kama amri ya mlango ilivyotaka, akaketi. Mwanzoni alisoma karatasi yake kwa sauti ya gwaride. Wizi wa mifugo, pombe haramu, mwendo wa kasi barabarani. Mtangazaji alimwacha amalize, kisha akafungua simu.

Mpigaji wa kwanza alikuwa na uchungu. Ndugu yake, alisema, alikuwa mahabusu siku ya nne, na mtu mmoja alimwomba fedha ya mafuta ili apate dhamana. Chumba kilinyamaza. Tulidhani sajini atamkemea, au atasema kwamba hilo si la kuzungumzwa hewani. Hakufanya hivyo. Alieleza taratibu kwamba dhamana ya polisi haiuzwi, ni bure. Na kwamba Katiba ya mwaka 1995 inaamuru mshitakiwa afikishwe mahakamani kabla ya kupita saa 48. Halafu akaomba jina la ndugu huyo apewe nje ya hewa, asije akavunjiwa heshima, akaahidi kurudi na jibu. Asubuhi ya siku ya pili tulisikia tangazo fupi kwamba mtu yule amekwisha kupata dhamana bila ya malipo.

Baadaye tulimwuliza sajini kama hakuona aibu kuulizwa mbele ya wilaya nzima. Alijibu kwamba aibu ilikuwapo kabla, ila ilikuwa ikisemwa vilabuni ambako yeye hawezi kuijibu. Tangu aanze kuja redioni, alisema, watu humletea habari za wezi usiku wa manane, hali zamani walimkimbia wakimwona kwa mbali. Jambo hilo lafaa kufikiriwa na kila mkuu wa kituo. Polisi hajui ila alichoambiwa, na mwananchi hamwambii ila yule anayemwamini.

REDIO HUAHIDI, ASKARI HULIPA

Alhamisi jioni kuna kipindi kilichotufanya tukae kimya kuliko vyote. Chanzo chake ni vita vya Joseph Kony na kundi lake, vilivyoanza mwaka 1987 na kuitesa kaskazini ya nchi yetu hadi mwaka 2006. Maelfu kwa maelfu ya watoto walichukuliwa majumbani mwao. Mwezi wa Juni mwaka 2003 moto huo ukaingia Teso, na vijana wa huku wakajikusanya kuwa Arrow Boys ili kulisaidia jeshi kuulinda ukanda wao.

Bunge lilikuwa limekwisha kupitisha Sheria ya Msamaha mwaka 2000: aachaye silaha na kurudi hatashitakiwa kwa uasi. Lakini sheria iliyoandikwa Kampala humfikiaje kijana aliye porini, ambaye kamanda wake humwambia kila siku kwamba akirudi atauawa na askari, au atalishwa sumu? Jibu lilikuwa redio. Mwaka 2002 ilianzishwa Mega FM mjini Gulu kwa msaada wa Uingereza, na kipindi chake cha Kiacholi, Dwog Paco, yaani rudi nyumbani, kikawaweka mbele ya kipaza sauti wale waliokwisha kurudi. Mjini Lira, Radio Wa, ambayo jina lake kwa Kilango ni redio yetu, ilikuwa na kipindi cha namna hiyo kilichoitwa kwa neno letu la Kiswahili: Karibu. Waasi walielewa upesi nguvu ya neno hilo, na mwezi wa Septemba mwaka 2002 wakakichoma moto kituo chenyewe. Kilijengwa upya kikaendelea. Hata baada ya waasi kuvuka mipaka, redio iliwafuata: huko Obo, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mji ulioporwa watu wake mwezi wa Machi 2008, wenyeji wa kujitolea walitangaza kupitia Radio Zereda, na wanajeshi wetu waliokuwa huko hadi mwaka 2017 wanakifahamu vizuri kituo hicho.

Hadi mwaka 2012 zaidi ya watu 26,000 wa makundi mbalimbali walikuwa wamepokea msamaha, na takribani nusu yao walitoka katika kundi la Kony. Redio peke yake haikuwarudisha hao wote. Lakini wengi waliisikia kabla ya kuthubutu kukimbia.

Mwenye kuongoza kipindi cha Alhamisi ni mama mwenye watoto watatu, ambaye mwenyewe alichukuliwa akiwa msichana mdogo. Alituambia kwamba porini redio ziliruhusiwa kwa wakubwa tu, na kwamba yeye alisikia kwa kuiba, akijifanya amelala. Usiku mmoja alimsikia msichana aliyekuwa naye kundi moja, ambaye waliambiwa amekwisha kuuawa na askari. Msichana yule alitaja jina lake, jina la kijiji chake, na wimbo wa utani ambao wao wawili tu waliujua. Hapo akajua kwamba kamanda ni mwongo. Ilimchukua majuma kadhaa kupata nafasi ya kukimbia. Alipotoka vichakani mikono juu, mtu wa kwanza kumwona alikuwa askari kijana aliyekuwa peke yake, naye alikuwa na hofu kama yeye. Askari yule alishusha bunduki, akampa maji.

Tunawaomba wasomaji wetu walifikirie tukio hilo. Matangazo ya miaka mingi, fedha, milingoti na mafuta ya jenereta, vyote vilifika mwisho wake kwenye kidole cha askari mmoja. Redio iliahidi, aliyelilipa deni ni yeye. Lau kama angefyatua risasi, habari ingeenea porini kwa siku mbili, na kila neno lililotangazwa lingegeuka uongo. Mama yule hajui jina la askari huyo hata leo. Kila Alhamisi, kabla ya kuanza kipindi, humsalimu kwa Kiswahili kidogo alichonacho, akitumaini kwamba popote alipo ana redio.

USIKU HUOHUO

Hatukuwa tumeondoka kituoni usiku ule lilipotokea jambo ambalo hatukulitarajia. Yapata saa nne simu zilianza kulia kwa mfululizo. Ng'ombe wameibwa! Wameswagwa kuelekea mashariki! Vijana wamekusanyika na mikuki na mishale, na mpigaji mmoja alidai redio iwaite wanaume wote watoke.

Msomaji anajua kwamba hofu hiyo si ya bure. Wizi wa mifugo baina ya Karamoja na majirani zake ni wa zamani, na baada ya silaha nyingi kukusanywa ulipungua; lakini tangu mwaka 2019 ulizuka upya, hata mwezi wa Julai 2021 jeshi na polisi wakaanzisha operesheni iliyoitwa Usalama kwa Wote. Watu wamepoteza mali na maisha. Na usiku ule, si mbali na kijiji hicho, palikuwa na wachungaji wa Kikaramoja waliokuja kutafuta majani kwa idhini ya wazee.

Aliyekuwa zamu ni yule mwalimu wa shule. Alifunga simu za hewani, akaweka muziki wa ngoma, akaanza kuwatafuta polisi kwa simu. Mara ya kwanza haikupokewa; mara ya pili haikupokewa. Mikono yake ilitetemeka tukiiona. Huku nje kijana wa bodaboda alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Akaenda mwenyewe hadi kambi ndogo ya jeshi. Baada ya muda, uliotuonea mrefu mno, alirudi na koplo mmoja nyuma yake. Koplo aliweka silaha mlangoni, akaingia. Alisema hewani maneno machache, bila ya ukali: kwamba jeshi limekwisha kupata habari, kwamba doria imetoka kufuata nyayo, na kwamba yeyote atakayeonekana usiku huo na silaha atawachanganya askari na kuhatarisha maisha yake. Aliwataka wazee wa kijiji wabaki na vijana wao hadi alfajiri. Mama wa kipindi cha Alhamisi aliyarudia maneno hayo kwa Kiateso, na mzee mmoja, aliyeamshwa kwa simu, akayasema kwa Kikaramoja.

Alfajiri ng'ombe walionekana. Mvua ya jioni ilikuwa imejaza kijito, na watoto wachungaji, waliposhindwa kuvuka, waliwalaza wanyama ng'ambo ya pili kwa shangazi yao. Hapakuwa na mwizi. Kama vijana wale wangetoka, wangewakuta watu wasio na hatia wamelala kando ya moto wao, na leo tungekuwa tukiandika habari nyingine.

Tulimsifu mwalimu. Hakupendezwa na sifa. Alitueleza kwamba miaka iliyopita, akiwa mgeni katika kazi hiyo, alitangaza habari ya wizi kabla ya kuithibitisha, na mtu mmoja akapigwa na umati. Mtu huyo hakufa, lakini huchechemea hadi leo, na hupita mbele ya shule kila siku ya soko. Hatukuwa na la kuongeza. Twakumbuka sote yaliyotendeka Rwanda kwa vinywa vya watangazaji wa RTLM, kituo kilichoanza mwaka 1993, hata mwezi wa Desemba 2003 mahakama ya kimataifa mjini Arusha ikawahukumu baadhi ya waasisi wake. Redio ni panga: hukata kuni, na hukata shingo.

MWISHO WA JUMA

Ijumaa ilikuja wakati mzuri. Siku hiyo kuna baraza la wazee wa pande mbili, kwa lugha mbili zinazokaribiana kama ndugu. Wazee hupenda kubishana juu ya asili yao. Mapokeo husema kwamba jina la Wakaramoja lina maana ya wazee waliochoka, waliobaki nyuma wenzao wakiendelea na safari. Mzee wa Kiteso alisema kwamba waliobaki walikuwa wavivu. Mzee wa Kikaramoja akajibu kwamba waliokwenda walikuwa wamekimbia kuchunga ng'ombe. Kila mtu alicheka. Kisha wakazungumza juu ya majani na maji, na juu ya usiku uliopita, kwa maneno ya taratibu.

Jumamosi ni siku ya watoto. Hujazana chumbani, husoma barua, huimba, huwauliza wakubwa maswali yasiyojibika. Mmoja alimwuliza yule koplo, aliyealikwa rasmi safari hii, kama askari huogopa giza. Koplo alikiri kwamba huogopa, na ndiyo sababu husikiliza redio.

Jumapili baada ya sala huja salamu. Mama mmoja mzee huja kwa miguu kila wiki. Mwanawe alichukuliwa mwaka 2003, na hajapata habari yake tangu hapo. Halipishwi kitu. Hakai zaidi ya dakika mbili. Siku ile hakulia wala hakuomba. Alimweleza mwanawe kwamba nyumba imehamishwa, sasa iko karibu na kisima kipya, asije akaitafuta pale pa zamani akadhani kwamba hakuna mtu. Na kwamba mbwa waliopo hawamjui, hivyo apige hodi kwa mbali. Halafu alimshukuru mtangazaji, akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Ndugu zetu wanajeshi na polisi, redio hizi ndogo hazina bunduki wala mshahara, lakini zinalinda. Mkikaribishwa, nendeni, na silaha muziache mlangoni. Mkipigiwa simu usiku, pokeeni. Mkiulizwa jambo zito hewani, lijibuni kwa ukweli. Na kama mmoja wenu, miaka ile, aliwahi kushusha bunduki yake akampa maji msichana aliyetoka vichakani mikono juu, basi na ajue kwamba salamu zake hutolewa kila Alhamisi jioni.